Mawasiliano ya pampu na matenki ya mbali kwa bei tunayoimudu: SMS, redio, LoRa au setilaiti?

#1 Kibanda cha Pampu

Wakuu habari za majukumu.

Naomba mawazo ya wenye uzoefu, hasa mlioko mamlaka za maji za miji ya wilaya na vyombo vya jamii vilivyo chini ya RUWASA (wakala wa maji vijijini). Niko mamlaka ndogo nyanda za juu kusini, jina tuliache. Mfumo wetu uko hivi.

Visima vitatu viko bondeni, vyote vina umeme wa TANESCO. Vinasukuma maji hadi tenki kubwa lililoko mlimani, kama kilomita 4 ukipiga mstari ulionyooka, ila katikati kuna shamba la mikaratusi. Kutoka hapo maji yanashuka kwa mserereko kwenda matenki manne ya mitaa. Halafu kuna chanzo cha zamani huko msituni, saa nzima kwa pikipiki, simu haishiki kabisa.

Mawasiliano yetu leo ni simu za walinzi. Mlinzi wa tenki akiona maji yanamwagika anampigia mwendesha pampu. Akipitiwa na usingizi, tunaamshwa na wenye mashamba chini ya tenki. Kisima kikubwa kinatoa kama mita za ujazo 40 kwa saa na mota yake ni kilowati 15. Saa tatu za usiku ni lita 120,000 zimekwenda shambani kwa mtu na uniti 45 za umeme zimeteketea, hapo ni kisima kimoja tu.

Kampuni moja imetuletea andiko la SCADA kamili, yaani mfumo wa kuona na kuendesha mitambo kwa mbali: minara, skrini za ukutani, faiba hadi bondeni. Linapendeza kulisoma, ila bei yake inaizidi bajeti yetu nzima ya matengenezo. Meneja kasema nimpelekee mbadala wa gharama nafuu kabla bajeti mpya haijafungwa. Nianzie wapi?

#2 Ndoo Tatu

Ngoja nikae hapa mbele na kahawa. Huu uzi unanihusu, mimi ndiye mwenye shamba chini ya tenki 😂

#3 Wireless Bara

Mkuu usiumize kichwa, funga LoRaWAN (redio ndogo za LoRa, zinatuma data kidogo hadi mbali) kila kituo. Geti moja (kipokezi cha sensa zote) mlimani, sensa zinakaa na betri miaka mingi, hakuna bando, hakuna laini. Mambo ya SMS yamepitwa na wakati. Nicheki inbox.

#4 Mzee wa Valvu

Kijana wa #3, mwenzako hajasema anataka kupima nini, wewe umeshamuuzia geti.

Kibanda, kabla ya kuchagua chombo, chukua karatasi na uorodheshe vituo vyako vyote. Mbele ya kila kimoja andika: taarifa ikitoka hapa, nani ataipokea na atafanya nini? Halafu andika: ikichelewa nusu saa, kuna hasara gani? Ikichelewa hadi kesho je? Utakuta matenki manne ya mitaa ukipata kina cha maji kila saa umeshiba. Chanzo cha msituni hata mara mbili kwa siku inatosha, maana hata ukijua saa nane usiku kwamba kimepungua hutampeleka mtu msituni gizani. Kinachohitaji mawasiliano ya haraka ni kimoja tu, yaani tenki kubwa na visima vyake. Hapo ndipo pesa yako iende.

Na hata hapo, mawasiliano ya bei rahisi kuliko yote tayari unayo. Ni bomba lenyewe. Funga vali ya boya kwenye mdomo wa bomba pale tenkini. Tenki likijaa vali inafunga, mgandamizo kwenye bomba la kupandisha unapanda, na kule kisimani unakuwa na swichi ya mgandamizo inayozima pampu. Saa ya kuweka muda inaijaribu tena baada ya, tuseme, saa moja. Ikikuta vali bado imefunga, inazima. Hakuna antena, hakuna vocha. Miradi mingi ya zamani iliendeshwa hivyo, ikafa kwa sababu ya vali kutofanyiwa matengenezo.

Masharti yake: vali iwe ya kufunga polepole, la sivyo pigo la maji litapasua bomba lako. Weka na swichi ya mgandamizo wa chini, maana bomba likipasuka katikati pampu itaendelea kusukuma ikidhani tenki linapokea.

#5 Kibanda cha Pampu

Shikamoo mzee. Hoja nimeipenda, ila tatizo liko hapa: bomba la kupandisha limeshatobolewa na wateja. Kuna shule, kituo cha afya na nyumba kadhaa zinachota humo humo kabla maji hayajafika tenkini.

#6 Mzee wa Valvu

Marahaba. Basi umeshajua kwa nini wazee walikuwa wakali na maunganisho kwenye bomba la kupandisha. Wateja wakifungulia, mgandamizo unashuka hata kama vali ya tenki imefunga, na swichi yako itawasha na kuzima pampu mpaka kontakta (swichi kubwa ya mota) iungue. Njia hiyo ibaki kama kinga ya mwisho, swichi uipange juu kidogo, halafu tafuta njia ya pili ya kupeleka taarifa ya tenki. Ila usiiondoe. Mawasiliano yakikatika, vali haijui habari ya mtandao.

#7 Antena Ndefu

Nimefanya kazi za redio muda mrefu, niongezee hapa kwenye kilomita 4 na mikaratusi.

Watu wakiona umbali mfupi hivyo hukimbilia vile visahani vya Wi-Fi vya 5.8 GHz. Ni bei poa na havina leseni, lakini vinataka njia wazi kweli kweli. Siyo tu kwamba jicho lione ng'ambo. Mawimbi yanahitaji nafasi kuzunguka ule mstari wa macho. Kwa kilomita 4 kwenye 5.8 GHz, katikati ya njia ule mviringo una nusu kipenyo cha kama mita 7, na angalau asilimia 60 yake iwe haina kizuizi. Majani yenye maji ya mvua kwenye masafa hayo ni ukuta. Utafunga mwezi wa tisa, kila kitu safi, mradi utakabidhiwa, picha zitapigwa. Masika ikiingia unaanza kupoteza mawasiliano, na baada ya misimu michache mikaratusi imekua na kiungo kimekufa. Huwezi kumwambia mwenye shamba akate miti yake.

Kwa njia kama hiyo mimi ningeweka redio ya data ya UHF, maeneo ya 400 hadi 470 MHz. Kasi yake ni ndogo mno ukilinganisha na Wi-Fi, lakini wewe unapeleka namba mbili tatu tu, kasi ya nini? Inapenya majani vizuri zaidi. Mviringo wake ni mpana, nusu kipenyo kama mita 26 hapo katikati, ila wewe una mlima upande mmoja kwa hiyo kimo unacho bure. Kwa ardhi tambarare kabisa, antena ya mita 9 upande mmoja na mita 16 upande wa pili zinaonana hadi karibu kilomita 29, hivyo kilomita 4 si umbali, ni miti tu.

Gharama iliyofichika: masafa ya UHF ni ya leseni. Unaomba TCRA (mamlaka ya mawasiliano), unalipa ada kila mwaka, na kifaa chenyewe kiwe kimeidhinishwa. Iandike kwenye bajeti mapema. Faida yake ni kwamba hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kukukalia kwenye masafa hayo, na hulipi bando. Kiungo ni chako kutoka tenki hadi pampu, hakipiti kwa mtu.

#8 Dada wa Zamu

Habari zenu. Mimi ni mwendesha mitambo, siyo injinia, nakaa zamu kwenye mji mwingine. Kwetu vituo karibu vyote ni SMS na vinatusaidia sana, nisije nikasikia mtu anasema zimepitwa na wakati. Kila kituo kina kiboksi, laini ya simu, betri ya Ah 7 (ampea-saa, kipimo cha uwezo wa betri) na kijisola. Ujumbe unakuja hivi:

T3 KINA 2.8 BETRI 12.6 MLANGO 0

Mlango 1 maana yake kuna mtu kafungua boksi. Hiyo imetusaidia kuliko tulivyotarajia, wezi wa betri wanakuja usiku.

Ila kuna mambo hamtaambiwa na muuzaji. La kwanza, kimya siyo salama. Wakati fulani kituo kilinyamaza, sisi tukajua mambo shwari kwa sababu hakuna tahadhari iliyoingia. Kumbe salio limekwisha. Tangu hapo tumeweka kila kituo kitume salamu saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, hata kama hakuna jipya. Isipofika, mtu anatoka.

La pili, laini zisajiliwe kwa jina la taasisi. Kama laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA cha fundi, siku fundi akihama mkoa mnaanza kumpigia simu aje aweke dole gumba.

La tatu ndilo kubwa. SMS inaweza kuchelewa. Tahadhari ikichelewa ni hasara, lakini AMRI ikichelewa ni hatari. Umetuma "washa pampu 2" saa 4 asubuhi, haikufika, ukampigia mlinzi akawasha kwa mkono, baadaye fundi akazima na kufungua pampu aifanyie kazi. Saa 9 alasiri ile SMS inafika. Sisi hatuwashi pampu kwa SMS. Tunasoma tu.

#9 Antena Ndefu

Dada wa Zamu, la tatu hilo lingeandikwa ukutani kwenye kila kibanda cha pampu. Kama ni lazima amri ipite kwa SMS, ndani ya ujumbe kuwe na saa iliyotumwa, na kiboksi kikatae chochote kilichozidi dakika chache. Na swichi ya fundi pale pampu iwe ya mkono, inayokata umeme kwelikweli na kufungwa kwa kufuli, isiwe ya kuombwa na programu.

#10 Jirani wa Kitui

Habari zenu jirani. Mimi ni Mkenya, tuna mradi wa jamii wa visima huku Kitui. Mbona hakuna anayetaja Starlink? Huku iliingia Julai 2023 na watu wanaitumia hata mahali hakuna mnara. Hicho chanzo chenu cha msituni kingepata intaneti ya nguvu.

#11 Antena Ndefu

Karibu jirani. Piga hesabu ya umeme kwanza. Kile kisahani cha kawaida kinakula wati 50 hadi 75 kikiwa kazini. Chukua 60, zidisha saa 24, ni wati-saa 1,440 kwa siku. Kwa betri za volti 12 hiyo ni Ah 120 zinazotumika kila siku, na kwa siku tatu za ukungu wa nyanda za juu unataka betri mara tatu ya hapo, pamoja na paneli za kutosha kuzijaza upya. Umejenga kituo cha umeme msituni ili upeleke namba moja ya kina cha maji. Wiki ya pili paneli zimeshakuwa juu ya bati la mtu.

Kwa sehemu kama ile kuna vifaa vya setilaiti vya ujumbe mfupi. Iridium kwa mfano, ile huduma yao ya vifurushi vidogo inabeba hadi baiti 340 kwa ujumbe mmoja unaotoka kituoni. Kifaa kinalala, kinaamka, kinatuma, kinalala tena. Paneli ndogo inatosha. Unalipa kwa ujumbe, na kwa baiti moja ni ghali sana, lakini ukituma asubuhi na jioni ni ujumbe 60 kwa mwezi. Linganisha na mafuta ya pikipiki, siyo na bei ya bando.

#12 Jirani wa Kitui

Sawa boss, hiyo ya stima sikuwa nimeiangalia. Sisi kisahani kiko ofisini, si msituni.

#13 Wireless Bara

Bado hamjanijibu kwa nini mnaikataa LoRa. Umbali unafika kilomita 10 na zaidi.

#14 Mhandisi Kimya

Hakuna anayeikataa. Mimi naitumia na nitakwambia inakofaa.

LoRa kufika mbali ni kweli, ila mbali kuna bei yake. Ujumbe wa baiti 10 ukitumwa kwa mpangilio wa haraka, SF7, unakaa hewani kama milisekunde 60. Ukiusukuma hadi SF12 ili ufike mbali, ujumbe ule ule unakaa hewani karibu sekunde moja na nusu. Hiyo ni zaidi ya mara 20, na betri inaliwa kwa uwiano huo. Kwa hiyo ukiona tangazo la "kilomita 15, betri miaka 10", elewa kwamba hizo namba mbili hazikai pamoja. Tena masafa yake ni ya wazi, yeyote anaruhusiwa, na nchi nyingi zinaweka ukomo wa nguvu au wa muda wa kukaa hewani. Soma kanuni za TCRA kabla ya kuagiza, usije ukaletewa vifaa vya masafa ya Marekani kwa sababu mtandaoni vilikuwa na punguzo.

Jambo la pili: kifaa cha LoRa cha betri huwa kinasikiliza kidogo tu baada ya chenyewe kutuma. Kwa kusoma dira za maji na kina cha matenki ni safi kabisa. Kwa kuzima pampu SASA HIVI, siyo chombo chake.

Kibanda, inapokufaa ni mitaani. Kama mna mpango wa kufunga dira za wateja wakubwa zinazosomwa kwa mbali, au dira za kanda za kutafutia maji yanayopotea, geti moja juu ya tenki litahudumia mamia ya dira bila laini ya simu kwa kila moja. Hapo hesabu inageuka kabisa, maana laini 300 ni bili 300. Kwa matenki manne tu, geti la LoRa na laini moja ya kulitoa data nje halikuokolei kitu ukilinganisha na laini nne.

#15 Ndoo Tatu

Mtu akiuliza bei hapa anapewa hesabu za Form Four 😂 endeleeni wakuu, nasoma yote.

#16 Mhandisi Kimya

Hesabu ndiyo bei yenyewe ndugu yangu. Chukua hii. Kuna wauzaji wanaweka rauta ya 4G kituoni, halafu kompyuta ya ofisini inaiuliza PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mitambo pale kituoni) kila sekunde: "una ngapi? una ngapi?" Swali na jibu la Modbus (lugha ya kuzungumza na PLC) kwa intaneti, ukijumlisha bahasha zake, ni kama baiti 150. Kwa siku ni MB 13. Kwa mwezi MB 390 kwa kituo kimoja, na kina cha tenki hakibadiliki hata sentimita kwa sekunde moja.

Badala yake kituo chenyewe kiseme pale kunapokuwa na la kusema: kina kikibadilika sentimita 10, pampu ikiwaka au kuzima, umeme ukikatika, na salamu kila robo saa. Hata ukikadiria kilobaiti nzima kwa kila ujumbe, ni MB 3 kwa mwezi. Ndiyo maana watu wanatumia MQTT, lugha nyepesi ya vifaa kutumiana ujumbe. Ilibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya kufuatilia bomba la mafuta kupitia setilaiti, wakati kila baiti ilikuwa inalipiwa. Mkitaka kumbukumbu zenye saa zake hata mtandao ukikatika, DNP3, lugha nyingine ya mitambo, inatunza matukio kituoni na kuyapeleka mtandao ukirudi. Waulizeni wauzaji hilo swali moja: mtandao ukikatika saa sita, zile saa sita zinakwenda wapi? Wengi watakohoa.

#17 Dada wa Zamu

Nyongeza ya kupima mtandao. Msiangalie mistari ya simu yako ukiwa umesimama barabarani. Pandeni pale pale boksi litakapokaa, na laini za mitandao yote. Modemu nyingi ukiziandikia AT+CSQ zinajibu namba kuanzia 0 hadi 31. Fundi wetu alinifundisha: zidisha kwa 2, toa 113, unapata dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi. Ikisema 10, ni -93, inafanya kazi lakini siku ya mvua kubwa itasumbua. Chini ya hapo funga antena ya nje ya kuelekeza mnarani. Ikisema 99 maana yake haioni kitu. Pimeni mchana na usiku, na pimeni umeme ukiwa umekatika muda mrefu. Wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023 tuligundua mnara unaotuhudumia betri zake zinakufa kabla ya zetu.

#18 Mzee wa Valvu

Hilo la mnara ni la kweli. Ndiyo sababu kiungo cha tenki na pampu kisitegemee mnara wa mtu.

#19 Kibanda cha Pampu

Wakuu nimejifunza mengi mno. Swali: meneja anataka aone kila kitu kwenye simu yake, yaani dashibodi ya mtandaoni. Ile kampuni inasema seva iko nje ya nchi, tunalipia kwa mwezi. Kuna ubaya?

#20 Mhandisi Kimya

Kuona, hakuna ubaya. Kuendesha pampu kupitia huko, ndiyo tatizo. Mnakumbuka Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika? Tanzania nzima intaneti ikawa ya kusuasua. Mifumo ambayo data yake inakwenda Ulaya kwanza ndipo irudi ofisini mita 200 kutoka pampu, ilipofuka macho. Ujumbe wa SMS na redio za ndani havikuhusika. Kwa hiyo weka kompyuta ndogo ofisini kwenu ndiyo ipokee, dashibodi ya meneja iwe nakala.

La usalama ndilo watu wanalipuuza. Usikubali PLC ipewe anwani ya wazi ya intaneti ili "fundi aingie kwa urahisi". Novemba 2023, mji mdogo wa Aliquippa, Pennsylvania, Marekani, kituo chao cha kuongeza mgandamizo kiliingiliwa na wadukuzi. Vifaa vya aina ile, Unitronics, vilikuwa vinatoka kiwandani na nywila 1111 na vilikuwa vinaonekana mtandaoni. Ikabidi waendeshe kwa mkono. Mwombe mtoa huduma wa simu APN ya binafsi (njia ya data ya laini zenu tu), laini zako zizungumze zenyewe kwa zenyewe bila kupita njia kuu.

Na Antena Ndefu asijisikie salama sana na redio zake 😀. Mwaka 2000 huko Maroochy, Queensland, Australia, mtu aliyewahi kufanya kazi na mkandarasi aliyefunga mfumo alitumia kompyuta na redio akiwa ndani ya gari, akaamrisha pampu za majitaka. Lita kama 800,000 zikamwagika kwenye vijito na viwanja. Redio isiyo na usimbaji (kuficha ujumbe kwa msimbo wa siri) inamsikiliza yeyote anayejua lugha yake.

#21 Antena Ndefu

Sijajisikia salama, ndiyo maana nauliza usimbaji kabla ya bei. Redio nyingi za sasa zinao, ila mafundi huacha nywila ya kiwandani. Jambo jingine Kibanda: andiko lenu likisema modemu ya 2G tu, kataeni hata kama ni nusu bei. AT&T ya Marekani ilizima 2G mwanzoni mwa 2017 na 3G Februari 2022, na kila mwenye vifaa vya zamani akalazimika kupanda juu ya tenki kuvibadilisha. Kwetu 2G bado inabeba vijiji vingi, kwa hiyo nunua modemu inayokwenda 4G na kushuka hadi 2G yenyewe. Tofauti ya bei ni ndogo kuliko safari moja ya gari.

#22 Kibanda cha Pampu

Nimekaa na meneja. Tunavyokwenda ni hivi, mnikosoe:

Tenki kubwa na visima: redio ya UHF moja kwa moja, tenki linaambia pampu, bila kupitia ofisini wala intaneti. Redio ikinyamaza dakika 15 pampu inazima yenyewe na tunapata SMS. Vali ya boya na swichi ya mgandamizo vinabaki kama kinga, kama mzee alivyosema. Maombi ya masafa yanaanza mwezi huu.

Matenki manne ya mitaa: boksi za SMS na data, mitandao miwili tofauti, kusoma tu.

Chanzo cha msituni: mwaka huu tunamwacha mlinzi na daftari. Setilaiti ya ujumbe mfupi tumeiweka kwenye bajeti ya mwaka kesho. Faiba tumeifuta.

Meneja hakufurahi kukosa skrini ya ukutani, tumemwahidi televisheni.

#23 Dada wa Zamu

Pampu kuzima baada ya dakika 15 za ukimya ni sawa usiku, ila asubuhi wakati watu wanachota mtakuta mji mkavu kwa sababu ya antena iliyolegea. Afadhali ikikosa mawasiliano iendeshwe kwa saa: iwashe muda fulani mnaoujua hautajaza tenki, izime. Mna matumizi ya kila siku kwenye rejista, mtaupata huo muda.

#24 Kibanda cha Pampu

Hiyo nimeichukua dada, asante sana. La mwisho, sensa ya kina tumeletewa ile ya kuning'inia kwenye waya ndani ya tenki. Fundi anataka kuiachia katikati ya tenki na kuziba mwisho wa waya kwa silikoni isiingie maji. Yuko sawa?

#25 Mzee wa Valvu

Hapana, mwambie asubiri. Isikae karibu na bomba linaloingiza, itayumba na namba zitacheza. Chukua bomba la PVC la inchi 2, litoboe matundu chini hadi juu, lifunge ukutani upande wa mbali na ingizo, sensa ishuke humo. Iache sentimita 10 kutoka sakafuni, pale chini kuna tope.

Na ule waya, ndani yake kuna kijimrija cha hewa. Sensa inalinganisha uzito wa maji na hewa ya nje kupitia huko. Akikiziba kwa silikoni, namba itapanda na kushuka sentimita kadhaa kila siku kwa kufuata hewa, na mtaanza kutafuta wezi wa maji ambao hawapo. Mwisho wa waya uishie ndani ya boksi kavu, pamoja na kile kipakiti cha kunyonya unyevu kilichokuja nayo. Kama fundi ameshakitupa, aagize kingine kabla hajapanda juu.

#26 Kibanda cha Pampu

Ameshakitupa. Nimemtuma dukani sasa hivi.